Kikosi cha Watu Kumi Kinatosha

Kila anayevutiwa na mchezo wa vita vya visanamu juu ya meza huanza na swali lilelile: ninunue nini kwanza? Ameshaona picha. Meza imejaa magofu yenye theluji, mchawi mwenye joho jekundu ameinua fimbo, nyuma yake wapo wapiga mishale wawili na mbwa wa vita, na kila kisanamu, ambacho kimo chake hakizidi sentimita tatu, kimepakwa rangi hadi kwenye vifungo vya mkanda. Anataka kuwa pale. Anafungua duka kwenye simu, anajumlisha bei ya kasha, kitabu, rangi na brashi, anaongeza gharama ya kusafirisha, kisha anaizima simu. Safari yake imeishia hapo.

Naamini kwa dhati kwamba swali hilo la kununua ndilo linalowafukuza wengi kabla hawajarusha dadu hata mara moja. Mchezo huu huingiwa kwa kucheza. Vitu vya kununua vinaweza kungoja, na vikingoja huja kwa mpangilio, kwa sababu mchezaji tayari anajua anachokipenda.

Kwa asiyeujua, mambo ni haya. Watu wawili au zaidi wanakaa kuzunguka meza ya kawaida ambayo juu yake wamejenga mji mdogo: kuta zilizobomoka, ngazi, madaraja, visima. Kila mmoja ana kikosi chake. Hakuna miraba ya kukanyaga kama kwenye drafti au sataranji. Umbali hupimwa kwa tepu, macho ya askari hufuata mstari halisi kutoka kisanamu hadi kisanamu, na dadu huamua mshale umepata au umekosa. Ukijificha nyuma ya ukuta wa kadibodi, ukuta huo unakukinga kweli katika hesabu.

Ukoo wa mchezo ni mrefu. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells, yuleyule wa hadithi ya mashine ya kusafiri katika wakati, alichapisha kitabu chembamba kiitwacho Little Wars. Wachezaji wake walipiga magoti sakafuni na askari wa kuchezea, wakafyatua mizinga midogo ya springi iliyorusha vijiti vya mbao, na askari aliyeangushwa alihesabiwa amekufa. Wells aliandika humo kwamba vita hivi vidogo vina heri kuliko vile vikubwa. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Jeff Perren, walitoa kanuni za vita vya zama za kati ziitwazo Chainmail, na mwishoni wakaongeza sehemu ya majoka na wachawi; kutokana na mbegu hiyo ukazaliwa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Kisha mwaka 1983 kampuni ya Uingereza ya Games Workshop ikaleta Warhammer, mchezo wa majeshi makubwa ya kubuni, na mji wa Nottingham ukawa makao makuu ya ufundi wa visanamu duniani. Hadi leo kampuni kadhaa za kazi hiyo ziko mji huohuo.

Majeshi hayo ndiyo yaliyojenga imani kwamba bila visanamu hamsini, sitini au mia huna mchezo. Imani hiyo ina watu wengi wanaomiliki masanduku ya plastiki ya kijivu isiyopakwa rangi, na wanaocheza mara moja kwa mwaka.

Mlango mwingine ulifunguliwa mwaka 1999. Games Workshop ilitoa Mordheim, iliyoandikwa na Mfini Tuomas Pirinen pamoja na wenzake. Jiji limepigwa na nyota yenye mikia miwili, na magenge madogo ya watu wachache yanagombania vipande vya mawe ya ajabu kwenye vifusi. Idadi ya visanamu ilikuwa ndogo, lakini kila kimoja kilikuwa na jina, majeraha na historia iliyoendelea kutoka mechi moja hadi nyingine. Waliocheza Mordheim ujanani bado wanaizungumzia kama watu wanaokumbuka kijiji walichokulia, na nadhani sababu ni hiyo: walimjua kila mtu.

Mwanafunzi bora wa Mordheim kwa anayeanza leo, kwa maoni yangu, ni Frostgrave. Iliandikwa na Mmarekani Joseph A. McCullough, ikachapishwa na Osprey ya Uingereza mwaka 2015, na toleo la pili likatoka mwaka 2020. Hadithi yake inaelezeka kwa pumzi moja: Felstad, jiji la kale la wachawi, liligandishwa kwa barafu na ajali ya uchawi miaka elfu iliyopita, sasa barafu inayeyuka, na wachawi wa kila namna wanakuja na watu wao kuchimbua hazina iliyobaki. Wewe ni mmoja wa wachawi hao.

Kikosi kina watu kumi, hawaongezeki: mchawi, mwanagenzi wake, na askari wasiozidi wanane. Unaanza na sarafu 400 za dhahabu. Katika toleo la pili wahuni na wezi wanajiunga bure, hivyo hata aliyemaliza fedha zote kwa askari wa deraya hakosi wa kumjazia nafasi. Kuna mikondo kumi ya uchawi, kila mmoja una mbinu nane, na mchawi wako anaanza na nane tu kati ya hizo 80: tatu za mkondo wake na nyingine za mikondo mingine. Hapo tayari una uamuzi mzuri wa kufanya bila kutumia senti. Je, atakuwa mwamsha wafu anayeleta mizimu ya kutembea, au bingwa wa moto na umeme, au yule mzee wa ukungu na sumu anayewapofusha wapiga mishale wa mwenzake?

Nieleze kanuni kwa mfano, maana hapa ndipo watu wanapodhani pana ugumu. Askari wako wa miguu mwenye Mapigano +3 amemvamia mwizi mwenye Mapigano +1. Kila mchezaji anarusha dadu ya pande 20. Wewe umepata 13, ukijumlisha ni 16. Mwenzako amepata 9, jumla 10. Umeshinda. Sasa chukua ile 16 yako, utoe Kinga ya mwizi ambayo ni 10, yabaki 6. Askari wako ameshika silaha ya mikono miwili, ongeza 2, yawe 8. Mwizi alikuwa na Afya 10, sasa amebaki na 2 na anayumba. Ukiuelewa mfano huu, umeelewa karibu nusu ya kitabu. Lakini kumbuka kwamba mwenzako naye alirusha dadu: kama yeye ndiye angepata 18, askari wako ndiye angeumia. Kumvamia mtu ni kujiweka kwenye hatari, na mchezaji mpya hulijua hilo mara ya kwanza anapompoteza mtu wake bora kwa kijana wa bure.

Uchawi nao una uchungu wake, na ndipo ninapoona akili ya McCullough. Kila mbinu ina namba ya kufikia. Tuseme ya kwako inahitaji 12 na dadu imekuletea 10. Unaweza kulipia zile 2 kwa Afya ya mchawi wako mwenyewe, naye akafanikiwa huku akivuja damu. Mara ngapi utakubali kulipa? Nimeona watu wazima, wenye kazi na familia, wakishika kichwa kwa mikono miwili mbele ya uamuzi huo, na mpinzani wao akisubiri kimya kwa heshima kwa sababu anajua uzito wake.

Na hazina ndiyo inayoleta mwendo. Katika mechi ya kawaida mezani pana alama tano za hazina, moja katikati kabisa. Ukiibeba, mwendo wako unapungua nusu, na huna ushindi nayo mpaka umeivusha ukingo wa meza. Kwa hiyo mwizi wako mwenye mbio, aliyefika wa kwanza, ghafla anakuwa mzito na kila mpiga mishale anamwona. Mchezo unaacha kuwa wa kuuana na unakuwa wa kusindikiza: nani anamkinga nani, nani anabaki nyuma kuziba mlango. Kwa anayeanza hilo ni jema kupita kiasi, kwani unaweza kupigwa vibaya na bado ukaondoka na hazina mbili.

Baada ya mechi kila askari aliyeanguka anarushiwa dadu. Ikija 1 hadi 4 amekufa, umpate mwingine. Ikija 5 hadi 8 ameumia vibaya na ataikosa mechi ijayo. Zaidi ya hapo amepona. Mstari huo mmoja wa kanuni ndio unaofanya watu kumi wawe bora kuliko mia. Katika jeshi kubwa, aliyeanguka unamrudisha kwenye sanduku. Hapa utamwandika jina, na mwenzako atalikumbuka.

Basi unahitaji nini kweli kweli? Kitabu cha kanuni, ambacho wawili au wanne wanaweza kuchangia, na kinauzwa pia kama faili la kusomea kwenye kompyuta. Dadu mbili za pande 20. Zikikosekana, programu ya bure kwenye simu inarusha namba hadi 20 vizuri tu. Tepu ya fundi cherehani, ile ya manjano, ni bora kuliko tepu ya chuma, maana ina inchi upande mmoja, inajikunja kwenye kona za magofu na haiangushi kitu. Vipimo vyote vya Frostgrave ni vya inchi. Meza iwe ya futi tatu kwa futi tatu, yaani karibu sentimita 90 kila upande: meza nyingi za chakula zinatosha au zinakaribia.

Visanamu? Kwa mechi za mwanzo, chora. Kata manila vipande vyenye upana wa sentimita mbili na urefu wa sentimita sita, kunja katikati, chora mpiga mishale upande mmoja na mgongo wake upande wa pili, gandisha chini kwenye kizibo cha soda. Kizibo kinampa uzito asipeperushwe na feni. Andika jina lake kwenye ukingo. Wapo wanaoona kucheza kwa karatasi ni kujidhalilisha, kana kwamba mchezo unaanza siku ya plastiki. Sikubaliani nao hata kidogo. Kanuni za Frostgrave hazimlazimishi mtu kutumia visanamu vya chapa yoyote, na hiyo ndiyo sababu kubwa ninayoipendekeza: mwandishi aliuza mchezo, akaacha visanamu mikononi mwa mchezaji. Kipande cha manila kilichochorwa na mtoto wako kinapiga mishale sawasawa na cha bei ghali.

Magofu ni kazi ya jioni moja. Maboksi ya viatu, mirija ya ndani ya karatasi za chooni kwa minara, na lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya kasha la televisheni, ambalo hukatika kwa kisu na kuchongwa matofali kwa ncha ya kalamu. Jaza meza kuliko unavyodhani inafaa. Kosa la meza nyingi za wanaoanza ni uwazi: mpiga mishale anasimama juu ya ghorofa, anaona kila kona, na mechi inaisha kabla mchawi hajafumbua kinywa. Pasiwe na mahali ambapo askari anaweza kutembea inchi kumi bila kupita karibu na ukuta.

Ukiisha kucheza, na ukaona unarudi mezani kwa hamu, hapo ndipo ununue. Kampuni ya North Star ya Nottingham inatengeneza makasha rasmi ya plastiki ya Frostgrave, na kasha la askari lina watu 20 wa kuunganisha wenye mikono, vichwa na silaha za kubadilishana. Kasha moja linatosha askari wa vikosi viwili. Yaani wewe na rafiki mnagawana bei, kila mmoja anaunda watu wake, na silaha zinazobaki mnapamba nazo magofu. Kwa anayeagiza kutoka Nairobi au Dar es Salaam, kuagiza pamoja kwa mkupuo mmoja ndiko kunakookoa, kwani usafirishaji wa kasha dogo unaweza kuuma kuliko kasha lenyewe.

Halafu kuna rangi, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu upakaji ndio sehemu iliyonishika zaidi. Kisanamu kikitoka kwenye fremu yake kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana huwa na mafuta ya kiwandani yanayokataa rangi. Kikauke kabisa. Paka andakoti nyembamba, nyeusi au kijivu. Kisha rangi za akriliki, zile zinazozimuliwa kwa maji. Hata za dukani wanapouza vifaa vya shule zinafaa kwa kuanzia. Zimua rangi mpaka iwe nyepesi, upake mara mbili, usipake mara moja kwa unene, kwa sababu rangi nzito huziba macho na mikunjo ya nguo ambayo mchongaji aliihangaikia. Joho jekundu, buti za kahawia, upanga wa kijivu: rangi tatu au nne kwa mtu mmoja zinatosha.

Kisha fanya jambo moja ambalo mara ya kwanza huonekana ni kuharibu kazi. Chukua kahawia iliyokoza, izimue hadi iwe majimaji kabisa, umpake mtu wako mwili mzima. Kwa dakika chache atachukiza, kama aliyechovywa kwenye tope. Mwache. Rangi ile inateremka yenyewe kwenye mikunjo, chini ya kidevu, kati ya vidole, katikati ya pingili za deraya, na inapokauka unaona kivuli pale pale ambapo jua halisi lingeacha kivuli. Mwisho, brashi iliyokaribia kukauka, yenye rangi nyepesi kidogo, ipitishwe juu juu kwenye kingo za nguo na nywele. Ghafla una mtu. Mkono wa kawaida usio na mafunzo ya sanaa unaweza kufika hapo, na sijui burudani nyingine inayomlipa mwanzaji upesi namna hiyo.

Watu kumi unaweza kuwapaka kwa wikendi chache. Watu mia ni mwaka mzima, na wengi hawaufiki mwisho wake.

Mzazi atauliza kuhusu uchawi, na ana haki ya kuuliza. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi Marekani waliiogopa Dungeons & Dragons kwa sababu hiyohiyo. Jibu langu ni kwamba wachawi wa mezani ni ndugu wa majini na wafalme wa Alfu Lela u Lela, hadithi ambazo nyumba nyingi za pwani zimewasomea watoto bila wasiwasi. Hakuna anayeomba wala kuita chochote, kuna namba na dadu. Lakini kama dhamiri ya nyumba haikubali, isilazimishwe. McCullough huyohuyo alitoa mwaka 2018 Rangers of Shadow Deep, ambamo mchezaji ni mlinzi wa mpaka anayepambana na giza linaloila nchi jirani. Tena mchezo huo unachezwa peke yako, au wawili mkiwa upande mmoja. Kwa anayeishi mahali asipojua mpinzani yeyote, ndio ningempa kwanza.

Tena, kwa nini mashujaa wawe wa Ulaya ya theluji tu? Mwaka uleule wa 1913 Wells alipokuwa akichapisha vita vyake vya sakafuni, Muhamadi Kijuma wa Lamu aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, jitu la mwambao lisilouawa kwa silaha ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Msomaji anayejua kanuni tulizoziona hapo juu ameshaanza kuhesabu. Mpe Liyongo Mapigano makubwa na Kinga ambayo hakuna panga linaloipenya. Weka sindano ya shaba iwe ndiyo hazina ya katikati ya meza. Upande mmoja unaipigania ili umfikie, upande wa pili unataka kuitupa baharini nje ya ukingo. Hiyo ni mechi ya usiku mzima, imeundwa kwa sentensi tatu, na ngome za kujenga kwa povu la televisheni ni za Pate.

Kwa mechi ya kwanza kabisa, shauri langu ni kupunguza. Kila upande uwe na mchawi, mwanagenzi na askari wanne. Mbinu za uchawi ziwe tatu tu, zilizoandikwa kwenye karatasi iliyo mbele ya mchezaji. Acha viumbe wa porini, acha matukio ya hatari, acha chochote ambacho kitabu kimekiita cha hiari. Anayefundisha asome kanuni mapema, na asimwangushie mgeni maelezo ya saa nzima kabla ya kuanza. Mgeni aambiwe tu kwamba kila mtu wake ana vitendo viwili kwa zamu, na kwamba kimoja kati ya hivyo lazima kiwe mwendo. Mengine yaelezwe yanapotokea. Mkibishana kuhusu kanuni, rusheni dadu, aliye juu ana haki kwa leo, na kitabu kifunguliwe kesho.

Na kabla ya kukusanya vitu, wakati dadu za majeruhi bado ziko mezani, pangeni siku ya mechi ya pili. Aliyepata 5 hadi 8 ataikosa, kwa hiyo kikosi chako siku hiyo kitakuwa na pengo, na itabidi uamue usiku huohuo kama utatumia dhahabu uliyoivusha kumkodi mpiga mishale, au utaitunza na kumwomba yule mhuni wa bure asimame mlangoni tena.